Mti wako wa kompyuta unatoa maji hovyo: dalili na pa kutafuta kosa

Umeendesha modeli usiku kucha, asubuhi unafungua grafu, na mti wako wa kompyuta unatoa maji karibu mara mbili ya yale uliyopima kwenye mti halisi. Mkono unawasha kwenda kupunguza g1, kigezo kinachoamua vitundu vya majani vifunguke kiasi gani, hadi mistari miwili ikutane. Usiiguse kwanza. Nimeharibu modeli nyingi kwa kurekebisha kigezo kisicho na kosa: mistari inakutana mwezi huo, msimu ukigeuka inaachana vibaya kuliko mwanzo, na safari hii hata chanzo cha awali hukijui tena.

Hapa tutafuata dalili. Tazama kwanza kosa lina umbo gani katika saa 24. Lililo sawa kutwa nzima lina chanzo chake, la alasiri lina chake, la usiku nalo lina chake.

Nachukulia unatumia modeli ya ukoo ulioanzishwa na Ball, Woodrow na Berry mwaka 1987. Ndani yake stomata, vile vitundu vya jani vinavyolindwa kila kimoja na seli linzi mbili, hufunguka kadiri usanisinuru unavyokwenda kasi na kujibana kadiri hewa inavyokauka. Leuning aliirekebisha mwaka 1995. Mwaka 2011 Medlyn na wenzake wakaiunganisha na wazo la Cowan na Farquhar la mwaka 1977, kwamba jani linafanya biashara: linatoa maji ili lipate kaboni, na halitoi maji yasiyolipa. Mifano yangu itatumia mlinganyo wa Medlyn:

gs = g0 + 1.6 × (1 + g1/√D) × A/Ca

gs ni upitishaji wa stomata kwa mvuke wa maji, A ni kasi ya usanisinuru, Ca ni hewa ukaa iliyopo nje ya jani. g0 ni upitishaji unaobaki hata A ikiwa sifuri, na g1 ni kile kigezo cha kuamua stomata zifunguke kiasi gani. D ni upungufu wa mvuke, yaani tofauti kati ya mvuke uliojaa ndani ya jani na ule uliomo hewani, kwa kilopaskali. Mimi huiita kiu ya hewa, na nitaiita hivyo. Ile 1.6 ipo kwa sababu molekuli ya maji ni nyepesi, hupenya hewani kwa kasi mara 1.6 ya molekuli ya hewa ukaa. Kama unatumia modeli ya Jarvis ya mwaka 1976, inayozidisha pamoja athari za mwanga, joto, kiu ya hewa na maji ya udongo, mengi ya hapa chini bado yanakuhusu, isipokuwa habari za g1.

Piga hesabu moja kwa mkono

Chukua A ya mikromoli 12 kwa mita mraba kwa sekunde, Ca ya 400, D ya kilopaskali 1.5, g1 ya 4, na g0 iwe sifuri. Kipeuo cha pili cha 1.5 ni 1.22, kwa hiyo mabano yanatoa 4.27. Zidisha kwa 1.6, kisha kwa 12/400: unapata 0.205, na kizio chake ni moli kwa mita mraba kwa sekunde. Sasa zidisha kwa D na ugawanye kwa kanieneo ya hewa, 101.3. Unapata milimoli 3.0 za maji kwa sekunde kwa kila mita mraba ya jani, sawa na milimita 0.2 hivi kwa saa.

Ingiza namba hizohizo kwenye programu yako. Isipotoa 0.205, funga faili la data za msituni. Kosa liko kwenye msimbo, na hakuna mti unaohusika.

Kosa lina uwiano uleule asubuhi, mchana na jioni

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa kuwa haina siri. Gawanya matokeo ya modeli kwa vipimo, saa kwa saa. Uwiano ukikaa palepale kutwa nzima, fiziolojia haina hatia. Mti halisi haukosei kwa kiasi kilekile saa moja asubuhi na saa nane mchana. Ni vizio, au ni eneo.

Uwiano wenyewe mara nyingi hutaja mhalifu. Ukiwa karibu na 1.6, umeizidisha 1.6 mara mbili; ukiwa karibu na 0.63, umeisahau. Hili hutokea sana watu wanapochanganya modeli: mteremko wa Ball na wenzake, yaani kigezo chao kinachofanya kazi kama ya g1, hukadiriwa moja kwa moja kwa mvuke wa maji, kwa hiyo hauhitaji 1.6, ilhali mlinganyo wa Medlyn unaihitaji. Uwiano ukiwa karibu na 18, umechanganya moli na gramu. Ukiwa karibu na 44, unalinganisha milimoli na wati, kwa maana milimoli moja ya maji ikigeuka mvuke kila sekunde hubeba nishati ya wati 44 hivi. Ukiwa 3, 4 au 5 na sehemu, tazama eneo la majani juu ya kila mita mraba ya ardhi katika msitu wako. Ikiwa ni namba hiyohiyo, upande mmoja wa ulinganisho unahesabu kwa mita mraba ya jani na mwingine kwa mita mraba ya ardhi.

Uwiano wa 2 ndio mtihani, kwani una wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni eneo la jani: je, umehesabu upande mmoja au pande zote mbili? Kwa majani ya sindano swali hili ni gumu zaidi, maana sindano haina pande mbili bapa. Mzazi wa pili anajificha vizuri. Mteremko wa Ball na wenzake kwa mimea mingi huzunguka 9, na kwenye mafaili mengi ya vigezo nao umeandikwa g1. Mtu anaichukua ile 9 anaipachika kwenye mlinganyo wa Medlyn. Rudia hesabu ya juu ukiweka 9 mahali pa 4: mabano yanatoa 8.35 badala ya 4.27. Karibu mara mbili kamili! Ukigawanya eneo la jani kwa 2 ili kufidia, grafu itapendeza, na utakuwa na makosa mawili yanayofichiana siri. Uwiano huo nao hubadilikabadilika kidogo kiu ya hewa ikipanda na kushuka, na hicho ndicho kitakachokusaidia kuutofautisha na ule wa eneo.

Vizio vya kiu ya hewa vinastahili aya yao. Mlinganyo unataka kilopaskali. Ukiupa paskali, 1.5 inakuwa 1500, g1 inagawanywa kwa 38.7, na mabano yanabaki 1.10. Stomata za modeli yako sasa zimekuwa viziwi: unyevuanga unapanda na kushuka, zenyewe hazijali. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba modeli yake haiitikii ukavu wa hewa, sianzi na nadharia. Namwomba anisomee namba tatu za kwanza kwenye safu ya D.

Vipimo vya zamani vya upitishaji navyo vimeandikwa kwa sentimita kwa sekunde. Kwenye nyuzi 25 na kanieneo ya usawa wa bahari, sentimita 1 kwa sekunde ni kama moli 0.41. Ukipanda mlimani ubadilishaji huo hauwi uleule, kwa kuwa kanieneo inashuka.

Asubuhi na jioni ni sawa, adhuhuri modeli inapungukiwa

Mara nyingi hapa modeli inatumia jotoridi la hewa mahali pa jotoridi la jani. Asubuhi tofauti ni ndogo. Jua likiwa kali na upepo ukitulia, jani pana hupata joto kupita hewa inayolizunguka.

Tuseme hewa ina nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 40. Mvuke unaoijaza hewa ya nyuzi 30 ni kilopaskali 4.24, uliomo ni 1.70, kiu ni 2.55 hivi. Lakini jani lina nyuzi 34, na ndani yake hewa imejaa mvuke wa kilopaskali 5.32. Kiu halisi inayolikabili jani ni 3.62. Ukiwa na g1 ya 4 na A isiyobadilika, stomata zinajibana kwa zaidi kidogo ya asilimia 11, na bado maji yanayotoka yanaongezeka kwa asilimia 26 hivi. Nyuzi 4 tu.

Dawa ni kutatua bajeti ya nishati ya jani pamoja na mlinganyo wa stomata, au kupima jotoridi la majani kwa kamera ya joto. Kabla ya kwenda huko, hakikisha hukutumia wastani wa unyevuanga wa siku nzima. Wastani huo hukausha asubuhi na kulowesha mchana, na dalili yake inafanana na hii, ila asubuhi modeli inazidi.

Asubuhi ni sawa, alasiri modeli inazidi

Hapa sasa ndipo mti wenyewe unapoingia kwenye mazungumzo. Mlinganyo wa Medlyn peke yake haujui kwamba maji yana safari. Ndani yake, kiu ya hewa ikipanda stomata hujibana, lakini si kwa kiasi cha kuzuia maji yasiendelee kuongezeka. Kwenye mti halisi safu ya maji ndani ya zailemu, mirija inayopandisha maji, inavutwa kutoka juu, kama Dixon na Joly walivyoeleza mwaka 1894, na kadiri inavyovutwa kwa nguvu ndivyo hatari ya viputo vya hewa kuikata inavyokua. Mti mwingi hufunga stomata mapema kuliko uingie katika hatari hiyo, na mchana mkavu mstari wa maji hulala bapa au hata kushuka wakati modeli inaendelea kupanda.

Pima mvuto wa maji kwenye jani kabla ya mapambazuko na tena adhuhuri, kwa chemba ya shinikizo, kifaa kilichoenea baada ya kazi ya Scholander na wenzake ya mwaka 1965. Kama mvuto wa adhuhuri haubadiliki sana kati ya siku yenye unyevu na siku kavu, mti wako ni wa tahadhari, na modeli inahitaji breki inayotokana na maji ya ndani ya mti. Kama mvuto unazidi kadiri udongo unavyokauka, mti wako unajitosa. Katika uchambuzi wa Choat na wenzake wa mwaka 2012, uliohusisha spishi 226, asilimia 70 zilikuwa zikifanya kazi zikiwa na akiba ya usalama, yaani nafasi iliyobaki kabla viputo havijaharibu zailemu, isiyofika megapaskali 1. Kwa hiyo breki hiyo si pambo.

Wengi huweka breki ya bei rahisi: kizidishi kinachoshuka kutoka 1 hadi 0 udongo ukikauka. Swali ni unakizidisha na nini. Ukikizidisha na g1 peke yake, jani linafunga mlango lakini kiwanda ndani kinabaki na uwezo wake wote, hewa ukaa ndani ya jani inaisha, na ufanisi wa maji wa modeli unapaa. Ukikizidisha pia na uwezo wa usanisinuru, vyote vinashuka pamoja. Linganisha na vipimo vya hewa ukaa ndani ya jani wakati wa kiangazi. Mimi huanza na vyote viwili.

Modeli ikifa kiangazi huku miti halisi ikiwa ya kijani kibichi, karibu kila mara tatizo ni kina cha mizizi. Umeipa mita moja ya udongo, mti unakunywa chini ya hapo.

Kilele kinakuja mapema mno au kimechelewa

Tofautisha saa mbovu na mti mwenye akiba. Shina ni tangi. Asubuhi majani huanza kutumia maji yaliyohifadhiwa kwenye matawi na shina kabla kipimo cha utomvu kilichochomekwa chini hakijashtuka, na baada ya jua kuzama utomvu huendelea kupanda kulijaza tangi. Jumla ya siku inakaribiana, umbo limesogea. Kama mti mkubwa umechelewa zaidi ya mdogo uliosimama kando yake, hiyo ni akiba. Kama yote imechelewa sawasawa, na kilele cha mnururisho wa jua nacho hakipo karibu na saa sita mchana, saa ya kirekodi ndiyo mbovu, au faili moja linataja mwanzo wa kila nusu saa na jingine linataja mwisho wake.

Na sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wetu wenyewe. Daftari langu la shambani lilisema “saa 4”, nikimaanisha saa nne asubuhi. Aliyeingiza data akaandika 4:00, kwa nia njema kabisa. Siku mbili nzima niliamini kwamba nimegundua mti unaofungua stomata gizani. Siku hizi naandika 10:00 hata kwenye karatasi.

Kuna kingine kinachofanana na hitilafu ilhali si hitilafu. Chora maji dhidi ya kiu ya hewa kwa siku moja: badala ya mstari utapata kitanzi, asubuhi maji mengi kuliko alasiri kwa kiu ileile. Sababu kubwa ni kwamba mwanga hufika kileleni adhuhuri lakini kiu ya hewa hufika baadaye. Modeli nzuri hutoa kitanzi hicho yenyewe, ingawa mara nyingi chembamba kuliko cha kweli.

Usiku mambo ni ya ajabu

Upitishaji hasi: usiku jani linapumua tu, A ni hasi, na mlinganyo unaitii. Weka sakafu, A isishuke chini ya sifuri ndani ya mlinganyo wa stomata.

Mlipuko alfajiri: umande, kiu ya hewa inakaribia sifuri, √D inafanya g1/√D ipae. Usiruhusu D ishuke chini ya 0.05 hivi.

Modeli inatoa sifuri, vipimo vinaonyesha maji: amini vipimo. Katika mimea mingi upotevu wa usiku ni kama asilimia 5 hadi 15 ya ule wa mchana. Hiyo ndiyo kazi ya g0, na g0 ni kigezo kigumu kukisia. Ukikikadiria pamoja na g1 kutoka kwenye data moja, vinavutana, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na wakati mwingine g0 inatoka hasi, jambo ambalo halina maana kwa jani. Pima upitishaji wa majani gizani, uiweke g0 peke yake, ndipo ukadirie g1.

Ila chunga. Kama vipimo vyako vinatoka kwenye vijiti vya joto vya Granier, vinavyochomekwa kwenye shina kupima mtiririko wa utomvu, hesabu yake ya kawaida inachukulia kwamba tofauti kubwa kabisa ya joto, ile ya usiku, ndiyo mtiririko sifuri. Mti unaokunywa usiku unafutwa na hesabu yenyewe, na mchana wake unapunguzwa pia. Mlinganyo wa Granier wa mwaka 1985, wenye kipeo cha 1.231, umeonekana mara kwa mara ukitoa mtiririko mdogo kuliko halisi, hasa sehemu ya kijiti inapokuwa nje ya mbao hai. Nusu ya kesi za “modeli inazidi” ninazoletewa huishia kwenye kijiti.

Nabadilisha g1, hakuna kinachobadilika

Kama D haiko kwenye paskali, basi huenda msitu wako ndio ulivyo. Jarvis na McNaughton walionyesha mwaka 1986 kwamba jani linaweza kuwa limefungamana na hewa ya juu au limetengwa nayo. Majani mapana, msitu uliojifunga, upepo mdogo: mvuke unaotoka unakaa palepale juu ya majani, unapunguza kiu, na jua ndilo linaloamua maji yatoke kiasi gani. Stomata zinaweza kujibana kidogo bila jumla kubadilika. Kwa miti ya sindano inayopepewa hali ni kinyume, kila badiliko la stomata linaonekana. Modeli isiyohesabu hewa tulivu inayolala juu ya majani itaona kila msitu kama wa sindano.

Siku za joto kali

Modeli inasema usanisinuru umekufa, kwa hiyo stomata zimefungwa. Mwaka 2018 Drake na wenzake walichapisha jaribio la mikaratusi iliyokuzwa ndani ya vyumba vya kupimia nchini Australia, ikapewa siku 4 mfululizo za joto la juu ya nyuzi 43. Usanisinuru ulikaribia sifuri, lakini majani yaliendelea kutoa maji na kujipoza. Modeli yoyote inayoifungamanisha gs na A haiwezi kutoa jibu hilo, hata ukirekebisha g1 mwaka mzima. Ziondoe siku hizo kwenye makadirio, uziripoti kando.

Hesabu inarukaruka au haifiki mwisho

A inahitaji hewa ukaa ya ndani, hewa ukaa ya ndani inahitaji gs, gs inahitaji A. Anza na hewa ukaa ya ndani iliyo asilimia 70 ya ile ya nje, na kila mzunguko usogee nusu tu ya hatua iliyopendekezwa. Bado ikiruka, tatua mlinganyo wa kipeo cha pili moja kwa moja.

Kama umefika hapa na g1 bado inashukiwa

Sasa iguse, kwa data za jani moja moja zilizopimwa kwenye mwanga wa kutosha na kiu ya hewa tofautitofauti. Usitumie jumla ya msitu, kwa kuwa humo kuna uvukizaji wa udongo, na baada ya mvua kuna maji yaliyokaa juu ya majani bila kupita kwenye stomata yoyote. Kwa kulinganisha, modeli za dunia nzima hutumia g1 ya 2.35 kwa miti ya sindano, 4.12 kwa miti ya tropiki isiyopukutisha majani na 4.45 kwa mingi inayopukutisha. Mti mmoja mmoja unaweza kuwa mbali na hapo. Lakini ukipata 11 kwa msonobari, rudi kwenye safu ya D, soma namba tatu za kwanza.